Je, wajua kwa nini pombe huua vijidudu mkononi lakini si mwilini?
Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku Lubumbashi inauma. Huko mtaa wa Katuba watu huzunguka mbabula (jiko la makaa), kila mmoja na kikohozi chake, na hapo hakosi mzee wa kusifu lutuku, pombe kali ya kienyeji: "Kunywa lutuku kidogo, itaua mikrobe."

Mzee hajabuni. Pombe huua vijidudu kweli. Ndiyo tuliyopaka mikononi wakati wa Korona. Ila ile ya mikono ina nguvu ya asilimia 60 kwenda juu. Ukinywa mpaka ukayumba, pombe iliyo katika damu yako ni kama asilimia 0.1 au 0.2 tu. Ikikaribia 0.4 unaweza kuacha kupumua. Utakuwa umezikwa, mikrobe bado inajipumzikia.

Kiasi hicho kidogo, kisichomtisha kijidudu, kinatosha kuzilegeza seli zinazotulinda. Kwenye mapafu ndiko hasara inakoonekana zaidi. Njia za hewa zina vinyweleo vinavyofagia makohozi na vumbi kwenda juu (na vumbi la kiangazi chetu mnalijua). Kwa mnywaji wa kila siku ufagio huo huzembea. Ndani zaidi, katika vifuko vya hewa, zinakaa seli kubwa ziitwazo makrofaji. Kazi yao ni kumeza bakteria na kuziita seli nyingine zije kusaidia. Zikizoea pombe, humeza kidogo na huita kwa sauti ndogo. Seli nyeupe zinazotengenezwa ndani ya mifupa nazo hufika zimechelewa, nimonia imeshatandika mkeka.

Kifua kikuu ni hivyo hivyo. Anayekunywa zaidi ya gramu 40 za pombe halisi kwa siku, yaani kama chupa kubwa moja na nusu ya bia ya asilimia 5, hatari yake ya kuugua ni karibu mara tatu. Si kwa sababu ya kuchangia kikombe, kama wengi wanavyodhani: ugonjwa huo husafiri hewani, na vibanda vya kunywea havina madirisha mengi.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo: vijana 15 wenye afya walinyweshwa vodka mpaka wakalewa. Baada ya dakika 20 seli za kinga katika damu ziliongezeka. Saa mbili baadaye, na hata saa tano, baadhi yake zilikuwa zimepungua. Nadhani mzee wetu hudanganywa na zile dakika za mwanzo, pamoja na lile joto la kifuani. Joto lenyewe ni damu iliyokimbilia kwenye ngozi, na kule nje baridi inalichukua.

Nilimweleza habari ya asilimia 60. Akaitazama glasi yake.

"Basi, mwanangu, hii nianze kunawia mikono?"

Nikamwambia lutuku haina kipimo, kila mama anapika nguvu yake. Sabuni ni bei rahisi zaidi.