Mtoto njiti akinyamaza, msiseme katulia

Kila ikikaribia tarehe 17 Novemba, siku ya watoto njiti duniani, yani waliozaliwa kabla ya wiki 37 za mimba, sisi wa wodi ya watoto wachanga hapa Tanga tunaombwa tuandike kitu kwa wananchi na tunaandika yale yale, kliniki mapema, lishe, basi. Safari hii nimeomba niandike kitu kimoja tu maana malalamiko yamekuwa mengi, watu wanasema wodi inawarudisha nyumbani watoto ambao "hawajaiva", wiki haijaisha mtoto kapata shida, kwa hiyo kosa la wodi. Uchungu wenu naujua. Ila wale tunaowapokea wakiwa wamechelewa, mara nyingi ukimuuliza mama taratibu unakuta dalili ilikuwepo tangu jana yake, sema nyumbani ilipewa jina lingine. Waliita kutulia.

Simsemi mtu wala kituo chochote hapa, naomba nieleweke, huu ni mfano tu. Mtoto kazaliwa ghafla wiki ya 33, kilo moja na nusu na kitu, kakaa wodini, kaongezeka, ananyonya, karudi nyumbani Makorora. Siku ya nne bibi yake anasema leo kalala huyu, kanipa raha, usiku mzima hakusumbua. Asubuhi mama anampa ziwa, mtoto anashika chuchu afu anaiachia, maziwa yanamtoka pembeni ya mdomo, mkono wake ukiunyanyua unaanguka wenyewe. Wanasubiri aamke vizuri. Mchana mmoja anasema dege hilo, jioni anaitwa mtu wa kufukiza, saa nne usiku ndo wanatafuta bajaji. Akifika tumbo limepoa, sukari ya damu imeshuka, na pengine maambukizi yameshaingia kwenye damu.

Mtoto aliyetimiza miezi yake akiumwa mara nyingi atalia mpaka jirani ajue. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hana akiba ya sukari, kinga yake changa, akiumwa anachofanya ni kuzima taratibu kama simu inayoishiwa chaji. Kwa hiyo kwake kimya ndo kelele yenyewe. Njiti aliyekuwa ananyonya jana na leo hataki, huyo ni mgonjwa mpaka sisi tuseme sio mgonjwa, na hakuna haja ya kusubiri homa maana wengi hawapandi homa kabisa, wanashuka joto.

Sasa kunyonya. Njiti haamshwi na njaa kama mtoto mwingine, ndo maana tunawaambia kila baada ya saa mbili au tatu anyonye, usiku na mchana, yani mara 8 mpaka 12 kwa siku, hata kama kalala namna gani mwamsheni. Asiyeweza kuvuta ziwa anakamuliwa anapewa kwa kikombe kidogo, kikombe kinagusa mdomo wa chini na mtoto analamba mwenyewe, hamumiminii. Kuna bibi mmoja mmoja anasema mtoto hasumbuliwi usingizini. Shikamoo bibi, ila kwa huyu hapana.

Kupumua nako. Watoto hawa, hasa waliozaliwa kabla ya wiki 34, ubongo unaoendesha pumzi haujakomaa, anaweza kupumua haraka haraka, akasimama sekunde tano, akaendelea. Hiyo tunaijua wala haitutishi. Akisimama sekunde 20, au hata chini ya hapo lakini midomo inakuwa ya bluu au mwili unalegea, hiyo ndo ya hatari. Msugueni mgongo, mpigeni nyayo kwa kidole, akirudisha pumzi bado mnakuja, msiseme kapona. Msimwagie maji, msimtikise. Na mkiwa na wasiwasi fungueni nguo mwangalie kifua, hesabuni pumzi dakika nzima kwa saa, sio nusu dakika mkazidisha mara mbili. Zikifika 60 rudieni kuhesabu, zikiwa bado 60 au zaidi, au nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani kila akivuta, safari.

Hili la baridi linanichosha kidogo. Mtu anakuambia Tanga hii joto lote hili baridi itoke wapi. Jamani, joto unalolisikia wewe la Ngamiani saa nane mchana sio joto la mtoto wa kilo mbili aliyelowa mkojo, feni inamgeukia, afu kusi inavuma usiku dirisha wazi. Joto lake linatakiwa liwe 36.5 mpaka 37.5, likishuka chini ya 35.5 ni dalili ya hatari moja kwa moja, na watu wanashangaa mtoto anapoa mwezi wa kwanza kwenye kaskazi. Kipimajoto cha dijitali kinauzwa duka la dawa, wekeni kwapani. Kama hamna, shikeni tumbo na nyayo: nyayo peke yake kupoa mfunikeni mwangalie, tumbo nalo likipoa msikae.

Dawa ya baridi sio jiko la mkaa chumbani, hilo moshi wake unaua, ni kifua cha mama. Kangaruu, yani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwisho wa miaka ya 1970 kwa sababu mashine za joto hazikutosha, sio kwamba ni huduma ya maskini kama nilivyosikia mtu akisema kwenye foleni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 limeelekeza ianze mara mtoto anapozaliwa, saa 8 mpaka 24 kwa siku. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi, anakaa wima katikati ya matiti ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa upande, khanga inafungwa imkaze mpaka usawa wa chini ya sikio ili shingo isidondoke na njia ya hewa isizibe. Mama akilala alale ameinuka mgongo. Baba pia ana kifua, bibi pia, shangazi pia. Mnaendelea nyumbani mpaka mwenyewe aanze kurusha miguu akatae, mara nyingi akikaribia kilo mbili na nusu.

Manjano sitakaa sana. Jua la asubuhi halitibu manjano ya njiti, narudia, halitibu, na kumvua nguo nje kunampoza. Macho au ngozi ikiwa ya njano mleteni apimwe, viganja na nyayo zikiwa njano mleteni mkikimbia, maana ikipanda sana inaingia kwenye ubongo na hapo tunaongelea uziwi na mtindio wa ubongo. Kitovu hakipakwi kitu cha nyumbani, sio majivu, sio mafuta ya nazi, sio chumvi. Kukata kimio na kung'oa "meno ya plastiki" hata sitaki kuanza.

Alafu kuna wale wa "miezi saba anapona, miezi minane haponi". Sijui imetoka wapi ila iko kila kijiji kuanzia Mkinga mpaka Kilindi. Kila wiki mtoto anayoongeza tumboni mapafu yake yanakomaa zaidi, kwa hiyo wa minane ana nafasi nzuri kuliko wa saba, basi. Na mama asihojiwe kavuka kamba gani au kabeba ndoo gani. Malaria, maambukizi ya mkojo, presha ya mimba, mapacha, upungufu wa damu, hivyo tunavijua vinachangia, na mara nyingine chanzo hakionekani kabisa hata tupime vipi.

Ambacho mama anaweza kufanya ni kutokusubiri. Tumbo kukaza na kuachia, kiuno kuuma kwa mawimbi, maji kuvuja au damu kabla ya wiki 37, njoo hata kama saa tisa usiku. Ukiwahi, kuna sindano anayochomwa mama kukomaza mapafu ya mtoto, inafanya kazi vizuri zaidi ikipata walau saa 24 kabla ya kujifungua. Mama aliyekuja kichwa kinaonekana hatuwezi kumpa hizo saa 24.

Usafiri sasa, naomba msome vizuri. Namba ni 115, bure, mtandao wowote, huo ndo mfumo wa m-mama. Unahudumia mjamzito mwenye dharura, aliyejifungua mpaka siku 42, na mtoto mchanga mpaka siku 28. Haihudumii babu mwenye presha, tafadhali, kwa sababu kila dakika unayombembeleza yule wa kwenye simu kuna mama mwingine anasubiri. Ukipiga utaulizwa maswali, msigombane naye, maswali ndo yanaamua mgonjwa aende kituo gani na kwa gari gani. Taja kijiji, taja kitu kinachojulikana karibu, shule au msikiti, na kama uko ng'ambo ya Bweni kule Pangani sema mwanzoni kabisa kwamba kuna kuvuka mto. Inatafutwa ambulansi, isipokuwepo anatumwa dereva aliyesajiliwa, na huyo analipwa na mfumo safari ikishathibitishwa. Hatakiwi kukutoza hata ya soda. Akikutoza andika namba ya gari, ripoti kituoni siku hiyo hiyo.

Mtoto akitoka kabla gari haijafika msikate kitovu kwa wembe mliouokota dirishani, mkausheni, mwekeni kifuani kwa mama bila nguo, funikeni wote wawili kwa khanga kavu, msimwogeshe. Kuoga kunasubiri saa 24 na kuendelea, kwa njiti zaidi ya hapo.

Kuhusu karatasi. Kuondoka bila ruhusa ya daktari kuna fomu, unasaini na shahidi anasaini, na fomu haina maana umefukuzwa, mkirudi tutawapokea, ila kusaini mumeo akiwa kwenye simu tu hatukubali. Tangazo la kizazi lisikae kabatini, usajili wa cheti cha kuzaliwa RITA unatakiwa ndani ya siku 90, na tarehe inayoandikwa ni aliyozaliwa, sio ile aliyotarajiwa. Chanjo pia zinafuata tarehe ya kuzaliwa. Kukaa na kutambaa ndo unatoa zile wiki alizowahi, kwa hiyo aliyewahi miezi miwili akiwa na miezi minane msimlinganishe na wa miezi minane wa jirani, mlinganisheni na wa sita.

Na likizo, hili wengi hawajalisikia. Kwa marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika 2025, mama aliyejifungua njiti anaongezewa muda uliobaki kufikia wiki 40 juu ya siku zake 84. Wa wiki ya 33 ana wiki 7 za nyongeza. Baba anapata siku 7 badala ya 3. Mwajiri atataka uthibitisho wa wiki za ujauzito, hivyo mje na kadi ya kliniki ya mama na karatasi ya ruhusa ya mtoto, barua inaandikwa wodini. Mje asubuhi, sio Ijumaa saa sita mchana watu wanaelekea msikitini.