Je, wajua kwa nini mchezaji mstaafu wa mpira ni shahidi mbaya wa afya yake mwenyewe?

Asubuhi ya Jumapili, kabla jua halijawa kali, viwanja vya vumbi vya mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi mjini Lubumbashi, nchini Kongo, hujaa wanaume waliokwisha kuvuka miaka arobaini, hamsini na wengine sitini, wanaocheza mpira kwa nidhamu ambayo vijana wa mtaani hawana. Huitwa maveterani, na baadhi yao waliwahi kulipwa kwa kazi hiyo. Anayewatazama wakipasiana mpira kwa mguso mmoja hawezi kukosa kujiuliza kwa nini watu kama hawa, waliojenga miili yao kwa mazoezi ya kila siku kwa miaka kumi au kumi na mitano, washauriwe kupima presha, sukari, figo na hata kumbukumbu, kana kwamba wao ndio wagonjwa na si jirani aliyeketi pembeni ya uwanja na chupa yake ya bia. Jibu fupi ni kwamba hata huyo jirani anahitaji kupimwa. Lakini mchezaji mstaafu ana hatari zake za pekee, na zaidi ya hapo ana kasoro moja ambayo jirani hana: alifundishwa, tena kwa bidii, kutousikiliza mwili wake.

Habari njema ipo, na ni vyema itangulie. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha uchunguzi uliolinganisha vifo vya wachezaji wa kulipwa wa zamani 7,676 wa Uskoti na vya watu wa kawaida zaidi ya 23,000 wa nchi hiyo hiyo. Wachezaji walikuwa wameishi wastani wa miaka 3 zaidi, na maradhi ya moyo pamoja na saratani ya mapafu yaliwaua kwa uchache kuliko wenzao. Hata hivyo, maradhi yanayouharibu ubongo pole pole yaliwaua mara tatu na nusu zaidi. Ni lazima tukumbuke pia kwamba watu hao waliishi katika nchi ambayo tangu 1948 mgonjwa halipii kumwona daktari, jambo ambalo msomaji wa Lubumbashi atalipima mwenyewe.

Sasa, kosa la kwanza la mstaafu ni kudhani kwamba uzima wa mwili hulimbikizwa kama shaba ghalani. Mtaalamu wa Marekani Ralph Paffenbarger, aliyefuatilia wanaume karibu 17,000 waliosoma Harvard, alionyesha mwaka 1978 kwamba yule aliyekuwa mwanamichezo chuoni kisha akaacha mazoezi hakubaki na kinga yoyote ya pekee dhidi ya shambulio la moyo, ilhali aliyeendelea kujishughulisha, hata kama hakuwahi kuwa mwanamichezo, alilindika. Mechi moja kamili huweza kuteketeza zaidi ya kilokalori 1,000. Siku mchezaji anapotundika daluga, matumizi hayo hukoma, lakini donge la bukari, yaani ugali, halipungui, wala makayabu, samaki wenye chumvi nyingi, hawaondoki mezani. Tumbo huanza kujitokeza, na mtaani husemwa kwamba papa, yaani baba, amenenepa kwa sababu ya raha.

Kosa la pili ni la ndani zaidi. Moyo wa mchezaji aliyezoezwa vizuri hupiga mara 40 au 50 tu kwa dakika anapopumzika, na uwezo wake wa kuvuta hewa huwa mkubwa mno kuliko wa mtu wa kawaida. Mtu mwenye akiba kubwa hivyo anaweza kupoteza theluthi yake bila kutambua, kwa kuwa hata baada ya hasara hiyo bado anapanda ngazi sawa na jirani yake. Dalili zinazompeleka jirani hospitali mapema, kama vile kuhema na kuchoka, kwake huchelewa kuonekana. Shinikizo la juu la damu nalo huwa halina dalili kabisa kwa miaka mingi: haliumi, haliwashi, halizuii mtu kufunga bao. Linapojitangaza, mara nyingi hujitangaza kwa kiharusi, na hapo ndugu huanza kutafuta mchawi.

Kuhusu maumivu yenyewe, mchezaji ameishi nayo kama mtu anavyoishi na kelele za barabarani. Katika Kombe la Dunia la 2010 nchini Afrika ya Kusini, madaktari wa FIFA walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wachezaji walitumia dawa za kutuliza maumivu angalau mara moja, na karibu wanne kati ya kila kumi walizitumia kabla ya kila mechi. Desturi hiyo haiishi na kipenga cha mwisho. Mstaafu mwenye goti bovu huendelea kununua diklofenaki au ibuprofeni kwenye duka la dawa la mtaa, bila cheti, mwaka hadi mwaka. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo, hupandisha presha na huweza kutoboa vidonda tumboni. Zikikutana na presha ambayo haijagunduliwa au kisukari kinachoanza, figo hudhoofika kimya kimya. Kwa maoni yangu, kipimo cha damu cha kreatinini, taka ambayo figo huisafisha, pamoja na kijiti kinachochovywa kwenye mkojo kutafuta protini, ndicho kinachosahauliwa zaidi na ndicho ambacho mchezaji mstaafu angepaswa kukidai kwanza baada ya presha.

Magoti hayahitaji maelezo marefu, kwa kuwa kila anayewajua wachezaji wa zamani ameyaona. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa wachezaji wa zamani zaidi ya 1,200 uligundua kwamba kulika kwa gegedu la goti huwapata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume wengine. Lisilojulikana sana ni kwamba tiba ya kwanza si kupumzika bali ni kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito.

Kichwa ni suala zito zaidi. Jeff Astle, mshambuliaji wa Uingereza aliyejulikana kwa mabao ya kichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, na afisa aliyechunguza kifo chake aliamua kwamba kilitokana na kazi yake, yaani kuupiga mpira kwa kichwa mara nyingi mno. Watafiti wale wa Glasgow waliporudi kuwagawanya wachezaji kwa nafasi zao uwanjani, mwaka 2021, walikuta kwamba kwa mabeki hatari ya maradhi ya ubongo ilikuwa takriban mara 5 ya watu wa kawaida, ilhali kwa makipa, ambao ni nadra kupiga kichwa, haikuonekana tofauti iliyo wazi. Hakuna kipimo rahisi cha damu kinachoweza kulitangaza tatizo hili mapema hapa kwetu. Kinachowezekana ni mazungumzo ya dakika kumi: kumwomba mtu akumbuke maneno matatu baada ya muda, achore saa, ataje tarehe, na hasa kumuuliza mke au watoto, maana wao ndio huona kwanza kwamba papa amebadilika tabia, amekuwa mkali bila sababu au amepotea njia ya kwenda sokoni. Hapa tena mchezaji mwenyewe si shahidi wa kutegemewa.

Liko pia jambo ambalo wengi hawalitarajii. Nchini Brazili, watafiti waligundua homa ya ini aina ya C kwa wingi usio wa kawaida miongoni mwa wachezaji wa zamani ambao, katika miaka ya 1970 na jirani yake, walidungwa vitamini na dawa za kuongeza nguvu kwa sindano walizochangia kabla ya mechi. Yeyote aliyecheza katika enzi ya sindano za glasi zilizotumiwa tena na tena ana sababu ya kuomba kipimo hicho mara moja maishani, hasa kwa kuwa siku hizi ugonjwa huo hupona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12.

Mwaka 2015 FIFPRO, chama cha kimataifa cha wachezaji, kiliripoti kwamba kati ya wachezaji wa zamani 219 waliohojiwa, asilimia 35 walikuwa na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi. Sababu mojawapo ni kutoweka kwa wale waliokuwa wakiuliza hali. Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974 na kuipa Zaire ubingwa, alihamia Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990. Mwaka 1998, katika mashindano yaliyofanyika Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika nzima kumwombolezea, naye alikuwa hai. Aliishi miaka 20 na ushei baada ya dakika hiyo, hadi alipofariki Johannesburg mwaka 2019.

Lubumbashi ilikuwa na utaratibu wake wa kuwatunza wachezaji, ingawa haukuitwa hivyo. Timu ya Lupopo, iliyoundwa 1939, ilihusiana na wafanyakazi wa reli, na makampuni makubwa ya mji, ile ya madini ya Gécamines ikiwemo, yalikuwa na hospitali zake. Mchezaji aliyeajiriwa huko alitibiwa kama mfanyakazi, na familia yake pia. Kampuni zilipodhoofika, kamba hiyo ilikatika. Wachezaji wa Mazembe, timu nyingine ya mji huu, waliofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010 na kufungwa 3-0 na Inter Milan sasa wengi wao wako katika miaka ya arobaini au karibu nayo, yaani umri ambao presha na sukari huanza kubisha hodi. Walipokuwa wakicheza, daktari wa timu ndiye aliyewafuata. Leo wao ndio wanaopaswa kumfuata daktari, katika kituo cha afya cha mtaa, na kwa vipimo vikubwa zaidi katika hospitali ya Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu.

Njia nafuu ya kuanzia ipo pale pale uwanjani, kwa maana timu ya maveterani hukutana kila wiki na hujua nani hakuja. Mashine ya presha, mizani, utepe wa kupimia kiuno na tone la damu la sukari vinatosha kumchuja anayehitaji kupelekwa mbele: presha inayofika 140 kwa 90 katika siku mbili tofauti, sukari ya miligramu 126 kwa desilita kabla ya kula, kiuno kinachozidi sentimita 94. Kitambaa cha mkononi kiwe kipana, kwa sababu mkono mnene ukifungwa kitambaa chembamba hutoa presha ya uongo. Mchezaji akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, na asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita. Na jambo hili lifanywe kabla ya mchezo, si baada yake, kwa kuwa mazoezi yakikwisha presha hushuka chini ya kawaida kwa saa kadhaa, na mgonjwa halisi aliyetoka kukimbia dakika tisini anaweza kuketi, kupimwa, na kuambiwa kwamba yeye ni mzima kuliko wote.