Kuandaa mbegu za malisho zisizidiwe na magugu, maana yake nini hasa

Wenye ngitili (maeneo ya malisho yanayofungwa) huku Kwimba na Misungwi, mkoani Mwanza, hili wanalijua, umefunga eneo msimu mzima ng'ombe wasiingie, mvua ikinyesha kinachotangulia kuota ni magugu ambayo ng'ombe hagusi, majani yenyewe ya malisho yanachungulia baadae yakiwa yameshafunikwa. Sasa kuandaa mbegu ni kuifanyia kitu kabla haijaenda shambani ili zile siku za mwanzo isiachwe nyuma, maana anaeshusha mzizi kwanza ndo anaewahi maji, wengine wanabaki kugombania mabaki.

Njia rahisi ni kuloweka. Wa mpunga wanaloweka wakaatamia mpaka ichipue, hapa ni tofauti, unaloweka masaa kadhaa alafu unaianika kivulini ikauke kabla mzizi haujatoka. Mbegu imeshakunywa maji na kuamka kwa ndani, ukiipanda inawahi kuota. Ukiona kincha cheupe cha mzizi kimetokeza ujue umechelewa, ukikausha hapo inakufa. Na usiiweke stoo muda mrefu, ikishaamshwa haidumu.

Wenzetu Marekani magharibi wamefika mbali zaidi. Kuna nyasi vamizi kule, Bromus tectorum, ilitoka Ulaya na Asia, inaota kabla ya baridi kali, inakausha maji, kiangazi inakauka mapema na kushika moto, nyasi za asili zinaungua yenyewe inarudi tena. Wakipiga dawa ya kuzuia magugu kuota inaua na mbegu nzuri. Basi wanakanda mbegu na udongo pamoja na unga wa mkaa maalum wenye vitundu vidogo sana, wanausukuma kwenye mashine kama tambi na kukata vipande. Vikishamwagwa shambani ndo dawa inapigwa, mkaa unainasa ile iliyo karibu, mbegu iliyomo ndani inapona na gugu la pembeni linakufa.

Hiyo ya mkaa mimi kwetu siiungi mkono kabisa, dawa ya mashambani mvua inaisomba mpaka mto Simiyu na mto unaimwaga ziwa Victoria, na maji hayo tunakunywa. Kuloweka kunataka ndoo na kivuli tu. Ila anza na kipande kidogo na usubiri vuli ishike kweli, maana mbegu iliyoamshwa ikipata mvua ya siku moja alafu jua wiki mbili, inaota yote na kufa yote.