Je, wajua kwa nini China inavisaka vichwa 12 vya shaba?

Februari 2009, mjini Paris, vichwa viwili vya shaba, cha panya na cha sungura, viliingia mnadani. Mnada ukamwangukia Mchina aitwaye Cai Mingchao kwa zaidi ya euro milioni 31. Siku chache baadaye akatangaza kwamba halipi, na kwamba alichofanya ni wajibu wake kama Mchina. Kwa nini mtu avuruge mnada makusudi?

Chanzo ni Yuanmingyuan, kasri la wafalme wa ukoo wa Qing, waliotawala China, nje kidogo ya Beijing ya zamani. Katika karne ya 18, mfalme Qianlong alijengewa humo chemchemi iliyotumika kama saa. Wachina waligawa siku katika vipindi 12, kila kimoja na mnyama wake. Basi sanamu 12 zenye miili ya mawe na vichwa vya shaba zilipokezana kutema maji, kila moja kwa zamu yake ya saa mbili. Ikigonga saa sita mchana, zote zilitema kwa pamoja. Mitambo yake ilibuniwa na padri Mjesuti, Michel Benoist.

Mwaka 1860, katika Vita vya Pili vya Kasumba, yaani vita vilivyotokana na biashara ya afyuni, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliingia kasrini na kupora. Wachina nao walikuwa wamewakamata wajumbe wa majeshi hayo na wenzao, na baadhi yao wakafa kwa mateso. Kulipiza kisasi, Lord Elgin, mjumbe mkuu wa Uingereza, aliamuru kasri lichomwe, na moto ukawashwa 18 Oktoba. Baba yake ndiye aliyechukua sanamu za marumaru za hekalu la Parthenon kule Athens. Mwezi huohuo China ikalazimishwa kuiachia Uingereza Kowloon, ng'ambo ya kisiwa cha Hong Kong.

Vichwa vikatawanyika. Magofu yapo hadi leo, na Wachina huyatazama kama ushahidi wa "karne ya fedheha", kuanzia vita vya kasumba hadi Wakomunisti waliposhika nchi mwaka 1949. Kiongozi wa China, Xi Jinping, anapozungumzia kulihuisha taifa, jeraha analolikusudia ni hilo.

Sheria haisaidii sana: mkataba wa UNESCO wa 1970 haugusi mali iliyoporwa kabla yake, na mahakama ya Paris ilikataa kuuzuia mnada wa 2009. Kwa hiyo Wachina wamekuwa wakinunua. Kampuni ya serikali, Poly, ilinunua vichwa vya ng'ombe, simbamarara na nyani mwaka 2000. Kwangu mimi, kumlipa mtu ili akurudishie chako ni kuumizwa mara ya pili, na ndiyo maana namwelewa Cai.

Panya na sungura walirudi bure mwaka 2013, zawadi ya familia ya Pinault, wamiliki wa Christie's, nyumba ileile iliyoendesha mnada ule. Saba kwa jumla wamerejea China. Nyoka, mbuzi, jogoo, mbwa na joka bado. Farasi alinunuliwa na tajiri wa Macau, Stanley Ho, akaitolea nchi mwaka 2019. Desemba 2020 farasi huyo akawa wa kwanza kurudishwa Yuanmingyuan penyewe.