Fangasi na UTI zisizokoma: tuulize na habari za homoni

Ukiugua fangasi ukeni, ukatibiwa, ukapona, kisha mwezi ujao ukaanza upya, mara nyingi utaandikiwa dawa ileile au iliyo kali zaidi. Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake, na swali langu la kwanza huwa jingine: hedhi yako inakwendaje? Wengi hushangaa, maana wamekuja kwa sababu ya mwasho.

Nauliza hivyo kwa sababu estrojeni, homoni inayotengenezwa zaidi na ovari, hunenepesha ngozi ya ndani ya uke na kuzifanya seli zake zihifadhi glaikojeni, ambayo ni aina ya wanga. Seli zikichakaa na kubanduka, wanga huo humeng'enywa kuwa sukari ndogondogo. Bakteria waitwao laktobasili huila na kutoa asidi laktiki. Ndiyo maana uke wa mwanamke mwenye afya aliye katika umri wa kuzaa huwa na pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi huwa kali zaidi) ya kama 3.5 hadi 4.5, ukali ambao vijidudu vingi vya maradhi haviumudu. Daktari Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza bakteria hawa tangu 1892. Mlo wao, basi, uko mikononi mwa ovari.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka kwa wanawake waliokoma hedhi. Mwaka 1993 watafiti Raz na Stamm walichapisha utafiti juu ya wanawake wa rika hilo waliosumbuliwa na UTI ya kujirudia. Waliopaka krimu ya estrioli, aina mojawapo ya estrojeni, ukeni walipata wastani wa maambukizi 0.5 kwa mwaka. Waliopewa krimu isiyo na dawa walipata 5.9. Kwa waliotumia estrioli, pH ilishuka kutoka 5.5 hadi 3.8, na ndani ya mwezi mmoja laktobasili walikuwa wamerudi kwa asilimia 61 yao. Krimu ile haikuwa antibayotiki. Ilirudisha homoni, bakteria wazuri wakapata chakula, nao wakafanya kazi yao.

Upungufu wa estrojeni wa namna hiyo hauwapati wazee tu. Huonekana kwa mama anayenyonyesha, kwa mwenye prolaktini (homoni ya maziwa) iliyozidi, kwa ambaye ovari zake zimeacha kufanya kazi kabla ya miaka 40, na kwa msichana aliyekonda kupita kiasi hadi hedhi ikakatika.

Lakini msiondoke hapa mkidhani estrojeni nyingi ni kinga ya kila kitu. Fangasi wenyewe huipenda, na ndiyo sababu huwasumbua sana wajawazito. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, asiye na kisukari wala hatumii homoni, mwasho mara nyingi ni wa ukavu, si fangasi. Naumia ninapoona mama wa watu amepakwa dawa za fangasi miezi na miezi bila hata kupimwa.

PCOS, yaani tatizo la homoni linalovuruga kazi ya ovari, ina mambo yake. Tafiti kadhaa zimekuta kwamba wenye tatizo hili wana laktobasili wachache na mchanganyiko mkubwa zaidi wa bakteria wengine. Hapa tatizo kwa kawaida si ukosefu wa estrojeni: yai halipevuki kwa mpangilio, projesteroni, homoni inayotoka baada ya yai kupevuka, inapungua, homoni za kiume zinapanda, na insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, mara nyingi haifanyi kazi ipasavyo. Sukari ya damu ikipanda, fangasi nao hupata nafasi. Anayekuuzia dawa ya kusafisha kizazi ili uponye PCOS anakudanganya. Haijathibitishwa kwamba bakteria ndio wanaoileta. Tena kujiosha ndani ya uke huwaondoa wale unaowahitaji.

Laktobasili nao hawalingani. Lactobacillus crispatus ni mlinzi imara; Lactobacillus iners hukaa hata uke ukiwa umevurugika. Baada ya kutibiwa kwa antibayotiki ya metronidazoli, zaidi ya nusu ya wanawake hurudiwa na uchafu wenye shombo la samaki ndani ya mwaka mmoja. Dawa imewaondoa wabaya, wazuri hawajarudi. Katika jaribio lililochapishwa 2020, waliowekewa crispatus ukeni baada ya dawa hiyo walirudiwa kwa asilimia 30 katika wiki 12, dhidi ya 45 kwa wasiowekewa. Nafuu ipo, ingawa si tiba kamili.

Kwa hiyo, ukirudiwa, omba upimwe pH na majimaji ya uke yaangaliwe kwa hadubini kabla ya kuandikiwa dawa nyingine. Taja tarehe za hedhi, dawa za uzazi wa mpango unazotumia, na kama unanyonyesha. Hedhi ikiwa imevurugika, kipimo cha sukari, prolaktini na homoni za ovari kina maana kuliko boksi jingine la antibayotiki. Na kama umewahi kuugua saratani ya matiti, usianze krimu ya estrojeni kabla ya kuzungumza na daktari wako wa saratani.