Jino lililokufa kabla mzizi haujakomaa: kuua vijidudu bila kuua mbegu

Mwanangu ana miaka 9. Alianguka, jino la mbele likapasuka, na baada ya miezi miwili fizi ikatoa kipele cha usaha. Daktari anasema jino limekufa, ila hataling'oa wala hataliziba mzizi kama la mtu mzima. Kwa nini?

Kwa sababu jino hilo halijamaliza kukua. Jino la kudumu linapochomoza kwenye fizi, mzizi wake bado mfupi, na huchukua takriban miaka 3 zaidi mpaka ncha yake ijifunge. Mjenzi wa mzizi ni kiini cha jino, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini kikifa, ujenzi husimama pale ulipofikia. Kwenye picha ya eksirei utaona kuta nyembamba na ncha iliyotanuka kama mdomo wa tarumbeta. Ukiziba mzizi wa namna hiyo kwa njia ya kawaida, dawa ya kuzibia haina pa kukomea, inapitiliza mpaka kwenye mfupa. Na hata ikikaa vizuri, kuta zinabaki vilevile nyembamba, jino linavunjika kwa kishindo kidogo tu.

Sasa atafanya nini?

Atajaribu kuufanya mwili uanze upya kujaza mfereji wa mzizi. Mwaka 2001 madaktari wa Japani, kisha mwaka 2004 madaktari wa meno Banchs na Trope, waliripoti meno ya watoto yaliyokuwa yamekufa na yenye maambukizi ambayo, baada ya kusafishwa na kuwekewa dawa, mizizi yake iliendelea kukua. Kwa kawaida tiba hii huhitaji angalau ziara mbili. Ya kwanza ni ya kuua vijidudu. Ya pili, wiki 1 hadi 4 baadaye kama usaha na maumivu vimekoma, daktari huchokoza kwa makusudi tishu zilizo ng'ambo ya ncha ya mzizi ili damu ipande ndani ya mfereji. Damu hiyo huja na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa tishu mbalimbali, kutoka ncha ya mzizi. Ikiganda, hufunikwa kwa saruji maalumu ya meno, na juu yake jino huzibwa.

Usishangae ukisikia safari hii daktari amechagua ganzi isiyobana mishipa. Anaihitaji damu.

Kwa nini asimpe tu vidonge vya antibiotiki, tukamaliza?

Dawa unayomeza husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Amoksilini inaweza kupunguza uvimbe wa shavu kwa siku chache, lakini vijidudu vilivyo kwenye mfereji vitaendelea kukaa kwao kwa raha. Wazazi wengi huvunjwa moyo hapa: uvimbe unashuka, wanadhani mtoto amepona, mwezi unapita, kipele kinarudi palepale.

Ndiyo maana dawa hupelekwa moja kwa moja ndani ya mzizi.

Dawa gani hiyo?

Kwanza mfereji huoshwa polepole kwa sodiamu haipokloraiti ya asilimia 1.5, jamaa wa ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Kwenye mzizi uliokomaa daktari husugua kuta kwa visindano vyenye meno. Hapa hasugui, au husugua kidogo sana, maana kuta zenyewe hazitoshi. Lakini maji peke yake hayamalizi kazi. Ukuta wa jino una vitundu vidogo mno, makumi ya maelfu katika milimita moja ya mraba, na bakteria huingia humo na kujifunika kwa utando wao.

Kwa hiyo huachwa dawa ndani. Iliyozoeleka kwa miaka mingi ni mchanganyiko wa antibiotiki tatu: siprofloksasini, metronidazoli na minosaiklini. Unga wake hukorogwa na maji safi mpaka uwe mzito kama dawa ya mswaki. Wengine hutumia kalsiamu haidroksaidi badala yake, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2016 uliegemea huko.

Nimesikia dawa hiyo hugeuza jino rangi.

Ni kweli. Mwenye kosa ni minosaiklini. Hushikana na kalsiamu ya jino na kuacha rangi ya kijivu au kijani-kijivu, tena kwenye jino la mbele la mtoto! Madaktari wengi wameiondoa kwenye mchanganyiko. Baadhi ya saruji za kufunikia nazo hutia weusi, kwa hiyo uliza zote mbili.

Ila kwangu mimi rangi ni tatizo dogo. Kubwa ni kipimo. Ule mchanganyiko mzito kama dawa ya mswaki unaweza kuwa na miligramu 1,000 za dawa kwa kila mililita. Kwa kiwango hicho bakteria wanakufa, na seli shina zinazosubiriwa kujenga jino nazo zinakufa. Tunapalilia shamba kwa kuteketeza na mbegu. Ndipo miongozo ikashusha kipimo hadi miligramu 1 mpaka 5 kwa mililita. Sasa jaribu kuchanganya dawa kwa kipimo hicho: unapata maji. Hayakai mahali ulipoyaweka, na kwenye ncha iliyo wazi yanavuja.

Nimesikia watafiti wanatengeneza nyuzi zinazotoa dawa ndani ya jino. Hapo ndipo zinapoingia?

Hapo hasa. Watafiti huyeyusha polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki, kwa mfano polidioksanoni, ambayo kwa muda mrefu imetumika kutengenezea nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Huchanganya antibiotiki humo, hutia kwenye bomba la sindano na kuunganisha umeme wa volti nyingi. Umeme huvuta uzi mwembamba kuliko unywele kwa mara nyingi sana, na nyuzi hurundikana zikawa kitambaa chepesi kama karatasi ya shashi. Kitambaa hicho hukunjwa na kusukumwa ndani ya mfereji. Dawa hutoka kwa wingi siku za mwanzo, kisha hupungua taratibu kadiri uzi unavyoyeyuka. Kwa njia hii dawa kidogo inakaa mahali pake, na klindamaisini inaweza kushika nafasi ya minosaiklini inayotia rangi. Wengine wanatumia jeli ya jelatini inayogandishwa kwa mwanga.

Maabara zimeonyesha nyuzi hizi zikiua bakteria huku seli shina nyingi zikisalimika, na zimejaribiwa kwenye meno ya mbwa.

Naweza kuomba mwanangu awekewe?

Bado. Hazijawa tiba ya kila siku. Atakachowekewa ni mchanganyiko mwepesi wa antibiotiki au kalsiamu haidroksaidi. Kama ana mzio wa antibiotiki yoyote, sema kabla hajafungua kinywa.

Jino litakuwa hai tena kabisa?

Usaha kukauka na mfupa kupona, hilo hutokea mara nyingi. Mzizi kunenepa na kurefuka hakutabiriki sana. Tishu inayojaa ndani mara nyingi si kiini halisi, hufanana zaidi na mfupa au na simenti inayofunika mzizi. Kwa hiyo mtoto asipohisi baridi kwenye jino hilo, haimaanishi tiba imeshindwa. Mrudishe kwa picha baada ya miezi 6, 12 na 24, hata kama halimuumi. Kipele kikijitokeza tena kabla ya hapo, usingoje tarehe.