Je, wajua kwanini Pemba mvua "yanya" na hakuna anaecheka?

Juzi ndani ya gari ya kutoka Chake kwenda Wete bi mkubwa mmoja kapiga simu kwake, "anua karafuu mwanangu, huku mvua yanya!", kijana wa Bara pembeni yangu akaziba mdomo kwa kicheko. Kwake yeye kunya ni kazi ya chooni tu.

Sasa kunya ni neno la kale la Kibantu, hata Wazulu na Wanyarwanda wanalo, ila wao wanalitumia kwa choo tu, mvua wameipa neno jengine. Sisi huku lafanya kazi zote mbili. Unguja mjini utasikia "mvua inakunya", ile ku inabaki kama kwenye inakula na inakufa kwa sababu kitenzi chenyewe ni kifupi mno.

Utamu uko kwenye kunyea. Mvua ikikukuta njiani unasema nimenyewa na mvua, ukipita chini ya mwembe kunguru akamaliza shida zake juu ya kanzu yako nyeupe ya Ijumaa unasema kunguru kaninyea (hao kunguru wenyewe wageni, wameletwa kutoka India miaka ya 1890), halafu mkono ukiwasha nao "waninyea" vilevile, na kila mtu anafahamu kipi ni kipi.

Na hiyo "inanyesha" ambayo watu wa Bara wanaiona ya adabu si imetoka humohumo? Kunyesha ni kufanya kitu kinye, kama kulisha ni kufanya mtu ale. Kwahiyo ukitaka kuwa mkali wa lugha, Mungu ndie anaenyesha, mvua yenyewe yanya. Mie hapo niko na bi mkubwa.

Tukitaka heshima tunaazima Kiarabu: haja, kubwa na ndogo, maana yake ni hitaji tu. Msala ndio kituko, asili yake pahala pa kusalia, leo ukisema nipe msala unapewa mkeka wa kusalia, ukisema naenda msalani watu wanakupisha njia haraka.

Yule kijana hakuvumilia, akauliza, "Bibi, eti mvua inafanya nini?"

Bi mkubwa akamtazama, akalitazama dirisha lake lililo wazi. "Yanya, baba. Funga kioo utanyewa."